Mwanangu Ameitwa Chipu: Dhana Potofu na Ukweli kuhusu Timu ya Taifa ya Raga ya Vijana

Simu iliingia saa mbili usiku, nikiwa bado nakunja mikeka ya mazoezi. Aliyepiga alikuwa baba wa kijana mmoja ninayemwandaa kimwili, propu wa miaka 19, mmoja wa wale wazito wanaosukumana kwenye safu ya mbele. "Mwalimu, ameitwa! Sasa tumefika." Nilimpongeza kwa moyo mkunjufu, kwa kuwa kuitwa kwenye kikosi cha taifa cha vijana wasiozidi umri wa miaka 20 si jambo dogo. Kisha akaniuliza swali ambalo nimeulizwa mara nyingi kiasi kwamba hulijibu kabla halijamalizika: je, si afadhali kijana aahirishe chuo kwanza, maadamu raga sasa imekuwa kazi yake?

Kila mwaka, miezi ya mwanzo ambapo kikosi cha Chipu huundwa, husikia maneno hayo kutoka kwa wazazi, wajomba, na hata walimu wa michezo ambao wangepaswa kujua zaidi. Nimeamua kuyajibu kwa maandishi, ili nisiyarudie kwenye simu.

Dhana: Akishavaa jezi ya Chipu, amefika

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa sababu huwaharibu wachezaji wazuri wakati ambapo hawajacheza hata mechi kumi za watu wazima. Chipu ni kifupi cha chipukizi, na aliyeichagulia timu jina hilo alijua alilokuwa akisema. Kazi ya timu hii ni kuwachukua vijana waliozoea kuwa mafahali wa shule zao na kuwakutanisha na mafahali wa Windhoek, Harare na Tunis, ili wajifunze mambo ambayo mashindano ya shule hayawezi kuwafundisha: kucheza mechi ngumu zinazofuatana kwa siku chache, kuutekeleza mpango wa lainauti (mpira unaporushwa kutoka nje ya mstari kwa safu mbili za wachezaji) walioufahamu wiki chache tu zilizopita, na kutambua kwamba mbinu iliyowatosha dhidi ya shule jirani haiwafikishi popote. Mafunzo hayo yana thamani kubwa, lakini ni ya mlangoni. Nyumba yenyewe iko mbele.

Mfano ninaoutumia daima ni wa mwaka 2019. Mwezi Aprili, katika uwanja wa RFUEA kwenye Barabara ya Ngong, Chipu waliwalaza Namibia 21-18, wakatwaa Kombe la Barthes, ubingwa wa Afrika wa vijana, na kupata tiketi ya kwenda Brazil katika mashindano ya dunia ya daraja la pili kwa vijana. Siku hiyo nilitoka uwanjani sauti imenikauka. Mtaani ikasemwa kwamba Simbas (timu ya taifa ya wakubwa) wa kesho wamepatikana, na kwamba Namibia, ambayo haikukosa Kombe la Dunia hata mara moja kuanzia 1999 hadi 2023, ilikuwa imepata mbabe wake.

Miaka mitatu baadaye, Julai 2022, Simbas walikutana na Namibia ya wakubwa mjini Aix-en-Provence, Ufaransa, katika fainali ya Kombe la Afrika, na mshindi alikuwa anakwenda Kombe la Dunia moja kwa moja. Kocha wa Kenya alikuwa Paul Odera, yuleyule aliyewaongoza Chipu mwaka 2019. Tulifungwa 36-0. Novemba mwaka huohuo, katika mchujo wa mwisho uliofanyika Dubai, Ureno ilitufunga 85-0.

Naomba msomaji aitazame vizuri hiyo Ureno. Vijana wake pia walikuwa Brazil mwaka 2019, kwenye mashindano yaleyale waliyoshiriki vijana wetu, wakafika fainali na kushindwa na Japani kwa pointi moja, 35-34. Wakubwa wao walipita mchujo wa Dubai, na Oktoba 2023 mjini Toulouse wakaishinda Fiji 24-23 katika Kombe la Dunia lenyewe. Sidai kwamba vijana wa nchi hizi mbili walikuwa sawa kiwango mwaka 2019, kwa kuwa Ureno walikuwa mbele. Hata hivyo, umbali uliokuwepo kati ya timu zilizoingia mashindano mamoja ya vijana haufanani kabisa na umbali wa 85-0.

Umbali huo ulizaliwa kati ya umri wa miaka 20 na 24, yaani katika miaka ambayo mzazi wangu wa simu alidhani haina kazi tena. Mchezaji wa Ureno aliyemaliza umri wa vijana alikuwa na mahali pa kwenda: klabu za Ufaransa ziliwachukua wengi, na kuanzia 2021 waliobaki nyumbani walikuwa na timu ya Lusitanos, inayoshindana na timu za nchi nyingine katika Super Cup ya Ulaya. Kijana wetu alirudi kwenye Kenya Cup, ligi inayochezwa sehemu tu ya mwaka, kisha viwanja vikahamia mashindano ya raga ya wachezaji saba: Christie, Driftwood, Dala, Prinsloo. Propu wa kilo 115 hana kazi Driftwood, isipokuwa kuogelea Mombasa na kushangilia wenzake. Kwa miezi mingi hasukumani na mtu yeyote. Ongeza hapo janga la Korona, chuo kilicho mbali na klabu, na shughuli ya kutafuta riziki, uone ni wangapi watakaofika miaka 24 wakiwa bado kwenye safu ya mbele.

Ndiyo maana mzazi anaponiambia kwamba kijana ameitwa, mimi humwuliza Jumamosi zake zitakuwa wapi atakapokuwa na miaka 21, na atapata dakika ngapi uwanjani. Nina msimamo mkali kuhusu jambo hili, na makocha kadhaa wa klabu kubwa hawaupendi. Kwa maoni yangu, kijana aliyetoka Chipu ni bora aende klabu ambako atacheza dakika 80 kila wiki, hata kama ni kwenye timu ya pili au kwenye daraja la chini ya Kenya Cup, kuliko kukaa benchi la mabingwa akivalia jaketi zuri. Propu hukomaa akiwa amekaribia miaka 25 au kuipita, na hukomaa kwa kusukuma skramu, pale washambuliaji wa timu mbili wanapofungana mabega kugombea mpira, dhidi ya watu wazima wasiomhurumia. Chuo pia asikiache. Mwili wa miaka 20 unaweza kuvunjika goti Jumamosi yoyote, na jezi iliyotiwa fremu ukutani hailipi karo.

Dhana hii ina ndugu yake, nayo ni kwamba Chipu wakirudi mikono mitupu basi fedha zimepotea. Vijana wa Afrika Kusini walitwaa ubingwa wa dunia wa daraja la kwanza mwaka 2012 na hawakuupata tena hadi 2025. Katikati ya ukame huo wakubwa wao walishinda Kombe la Dunia mara mbili, 2019 na 2023. Vijana wa Ufaransa walibeba ubingwa wao 2018, 2019 na 2023, ilhali wakubwa wa kiume wa Ufaransa hawajawahi kulishika Kombe la Dunia. Faida halisi ya kikosi kile cha Afrika Kusini cha 2012 ilionekana miaka 11 baadaye: Handré Pollard, aliyekuwemo akiwa na umri wa miaka 18, ndiye aliyepiga penalti zote nne zilizoleta ushindi wa 12-11 dhidi ya New Zealand katika fainali ya 2023. Anayetaka kuipima timu ya vijana asubiri miaka mitano, kisha ahesabu ni wangapi wangali wanacheza na wanacheza wapi. Najua hesabu hiyo haipendezi wafadhili.

Upande wa pili wa shilingi ni kijana asiyeitwa, ambaye hujiona amekwisha na wengine huwacha mchezo wakiwa na miaka 19. Kwa huyo nina jina moja tu. Makazole Mapimpi wa Rasi ya Mashariki hakupitia timu ya taifa ya vijana, alicheza mechi yake ya kwanza ya kimataifa mwaka 2018 akiwa na miaka 27, na mwaka uliofuata mjini Yokohama akawa mchezaji wa kwanza wa Afrika Kusini kufunga trai katika fainali ya Kombe la Dunia.

Dhana: Mwili mkubwa unatosha

Wazazi wanaoamini hivi hutambulika kwa mikebe ya unga wa protini waliyoibeba kwapani. Ukweli ni kwamba katika raga ya wachezaji wa chini ya miaka 19, sheria hairuhusu skramu kusukumwa zaidi ya mita 1.5. Mvulana mzito anaweza kuimaliza shule ya upili kwa kuegemea tu, kwa kuwa mwamuzi humwokoa kabla mbinu yake haijaulizwa maswali. Chipu hucheza kwa sheria za watu wazima, ambako kikomo hicho hakipo na msukumo unaendelea hadi mmoja asalimu amri.

Nilimshuhudia mmoja wa kilo 118 siku yake ya kwanza ya kusukumana bila kikomo. Mara mbili za mwanzo alimrudisha nyuma mpinzani wake wa kilo 104. Mara ya tatu mwenzake alishuka chini zaidi, magoti karibu yaguse nyasi, mgongo umenyooka kama ubao. Yule mkubwa aliinua nyonga ili apate nguvu, mgongo ukajikunja, kidevu kikazama kifuani, akaanza kurudi nyuma hatua moja baada ya nyingine huku njumu zake zikichora mifereji kwenye udongo. Alipoinuka, alishika shingo kwa mikono miwili na kuniuliza kama yule alikuwa anafanya madhambi. Hakuwa anafanya madhambi yoyote.

Kwa sababu hiyo, kijana wangu hagusi vyuma vya kifua kabla hajafanya kazi ya shingo, nyonga na mgongo kwa miezi mitatu, mara tatu kwa wiki. Wengi hulalamika, kwa kuwa shingo haipigwi picha. Kuhusu mikebe ile, mzazi akumbuke kwamba chini ya kanuni za kupambana na dawa zilizopigwa marufuku, zinazosimamiwa nchini na ADAK (wakala wa Kenya wa kupambana na dawa hizo), mchezaji mwenyewe ndiye anayewajibika kwa kila kinachopatikana mwilini mwake, hata kama hakikuandikwa kwenye lebo. Maharagwe, mayai na uji wa wimbi havijawahi kumfungia mtu.

Dhana: Akitimiza miaka 20, amepitwa

Kinachoangaliwa ni tarehe 1 Januari. Ambaye hajatimiza miaka 20 kabla ya siku hiyo anaruhusiwa kucheza mwaka mzima, hata kama siku yake ya kuzaliwa ni Februari. Kwenye mashindano ya 2019 waliostahili ni waliozaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 1999.

Dhana: Akiichezea Chipu, amejifunga kwa Kenya maisha yake yote

Hili huulizwa na Wakenya wanaoishi Uingereza, ambao watoto wao wana njia mbili mbele yao. Zamani nchi iliweza kuiteua timu yake ya vijana kuwa timu ya pili ya taifa, na aliyeichezea akafungwa. Tangu tarehe 1 Januari 2018, Shirikisho la Raga Duniani haliruhusu tena uteuzi huo. Kinachomfunga mchezaji ni timu za wakubwa, na hata huko, tangu 2022, anaweza kuhamia nchi alikozaliwa yeye, mzazi wake, babu au bibi yake, baada ya kukaa miaka mitatu bila kucheza mechi ya kimataifa. Mwacheni mtoto acheze.

Dhana: Chipu ni ngazi ya kupandia Shujaa

Naelewa inakotoka. Shujaa, timu yetu ya taifa ya wachezaji saba, waliwachapa Fiji 30-7 katika fainali ya Singapore mwaka 2016 na wameshiriki Olimpiki zote tatu tangu raga ya saba iingizwe humo, ilhali Simbas hawajawahi kufika Kombe la Dunia. Wapo mawinga na wachezaji wa safu ya nyuma ya skramu wanaovuka kutoka timu moja hadi nyingine, na wanavuka vizuri. Lakini Chipu ni timu ya wachezaji 15 kila upande na mechi ya dakika 80. Ya saba ni dakika 14, na skramu yake ina watu watatu. Ukiigeuza Chipu kuwa kitalu cha Shujaa, umewafukuza mapropu, mahuka (wanaosimama kati ya mapropu) na wale warefu wa lainauti, yaani takriban theluthi moja ya timu, na hao ndio hasa tuliowakosa kule Dubai.

Nilimpoteza propu mzuri kwa njia hiyo. Mtu mmoja wa klabu yake alimwambia kwamba pesa ziko kwenye ya saba, naye akapunguza kilo 14 kati ya Juni na Septemba. Hakupata nafasi kwenye ya saba, na ligi ilipoanza Novemba hakuwa na uzito wa kurudi safu ya mbele.