Pikipiki ya Zamani Isiyokaa Sailensa: Tuanzie Wapi?

Malalamiko ninayoyasikia mara nyingi kutoka kwa wenye Honda CG125 za zamani, na kwa wenye pikipiki za Kichina zilizoiga injini ile ile, ni kwamba chombo hakikai sailensa, yaani hakitulii kwenye mngurumo wa chini pale usipovuta mafuta. Ukiachia mkono wa mafuta injini inazima, au inabaki ikinguruma juu bila kushuka, au inapanda na kushuka yenyewe huku umesimama. Pikipiki hizi zinapofika karakana, karibu zote huwa zimeshakazwa skrubu ya sailensa hadi mwisho wake. Ningependa wamiliki waelewe kwamba skrubu hiyo haitibu chochote. Kazi yake ni kuinua slaidi ya kabureta (kizibo kinachopanda na kushuka kupitisha hewa) kidogo tu, na ikikazwa kupita kiasi injini huanza kulishwa na njia ambayo haikukusudiwa kwa mzunguko mdogo, hivyo ugonjwa unafichika huku plagi ikizidi kuwa nyeusi na mafuta yakizidi kuliwa. Kwangu mimi skrubu hiyo huguswa mwisho kabisa.

Sababu iko katika namna kabureta inavyofanya kazi. Slaidi inapokuwa chini, hewa inapita kwenye upenyo mwembamba sana, na mvuto unaotokea juu ya jeti kubwa (jeti ni kipande chenye tundu la kupimia petroli) hautoshi kuinua petroli. Injini inategemea jeti ndogo peke yake, ambayo tundu lake halifiki nusu milimita, pamoja na kiasi kinachopimwa na skrubu ya mchanganyiko. Kwa hiyo chembe ya uchafu au ufa mdogo wa kuvuta hewa, ambao dereva hataugundua akiwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, unatosha kabisa kuua sailensa.

Kabla ya kufungua kabureta, yapo mambo machache ya kuyamaliza nje yake. Filta ya hewa iwe safi na kavu, tundu dogo la mfuniko wa tangi liwe wazi, na kebo ya mafuta iwe na ulegevu wa milimita chache. Ukigeuza usukani kulia na kushoto na sailensa ikapanda, kosa ni la kebo. Plagi iwe na nafasi ya milimita 0.6 hadi 0.7. Valvu zipimwe injini ikiwa baridi kabisa, na kwa CG125 nafasi yake ni ndogo, haizidi milimita 0.08 au karibu na hapo. Injini hii inaendesha valvu zake kwa fito za kusukuma, haina mnyororo wa taimingi, na kuzipima ni kazi ya muda mfupi, lakini mafundi wengi huiruka na kukimbilia kabureta. Valvu iliyobana haifungi sawasawa, mgandamizo unavuja, na uvujaji huo huonekana kwanza kwenye mzunguko mdogo, hasa injini ikishapata moto. Hakuna kabureta, hata iwe mpya, itakayorekebisha hilo.

Petroli yenyewe ikaguliwe pia. Mwaga kidogo kutoka kwenye bakuli la kabureta juu ya kitambaa cheupe: petroli safi hukauka upesi, ilhali iliyochanganywa na mafuta ya taa huacha alama ya mafuta inayokawia. Mafuta ya taa hayageuki mvuke kwa urahisi, na ndiyo maana injini iliyonyweshwa mchanganyiko huo huwa ngumu kuwaka asubuhi na hukosa sailensa hadi ipate moto. Uchakachuaji huu si jambo dogo katika ukanda wetu. Kenya ilifikia hatua ya kuweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuukomesha.

Sasa tuje kwenye kosa linalosahauliwa kuliko yote, nalo ni hewa inayoingia baada ya kabureta. Dalili yake ni ya wazi kwa anayeijua: ukivuta mafuta na kuachia, mngurumo unaning'inia juu kwa muda kabla ya kushuka, na siku nyingine unashuka kupita kiasi na kuzima. Kati ya kabureta na kichwa cha injini kuna kipande kigumu cha kuzuia joto pamoja na oringi zake (pete za mpira za kuziba maungio), na oringi hizo zikikaa miaka mingi karibu na joto hukauka na kuwa ngumu. Mimi hupima uvujaji huo kwa kunyunyizia maji kidogo kwenye maungio hayo injini ikiwa inaunguruma. Mngurumo ukibadilika, umepata mahali panapovuja. Wapo wanaopima kwa kurushia petroli. Nawasihi waache, kwa sababu ekzosi ya moto iko sentimita chache tu kutoka hapo na nguo za fundi ziko karibu zaidi.

Kubadilisha oringi peke yake mara nyingine hakutoshi. Fundi anayekaza nati mbili za kabureta kwa nguvu zake zote huipinda flanji yake, yaani uso wake unaofungwa upande wa injini, kwa kuwa kabureta imeundwa kwa aloi laini. Weka flanji juu ya kioo bapa. Ikicheza, tandika msasa laini juu ya kioo hicho na uisugue taratibu kwa mzunguko hadi ilale sawasawa. Kazi hii imeokoa kabureta nyingi ambazo wenyewe walikuwa wameshaambiwa wazitupe.

Ikiwa pikipiki inawaka kwa choki tu na kuzima pale choki inapotolewa, mshukiwa wa kwanza ni jeti ndogo iliyoziba. Itoe, itazame dhidi ya mwanga, iloweke kwenye dawa ya kusafishia kabureta, kisha ipulize kwa kompresa pamoja na vijitundu vyote vya mwili wa kabureta, vikiwemo vile vidogo vilivyo karibu na ukingo wa slaidi. Usiingize waya wa chuma. Tundu likipanuka hata kwa unywele mmoja, kipimo chake kimeharibika na hakirudi. Unaporudisha slaidi, upande wake uliokatwa utazame filta ya hewa. Ikiwekwa kinyume, sailensa haitashuka kwa namna yoyote.

Injini ikitoa moshi mweusi, au petroli ikidondoka kwenye mpira wa kumwagia, angalia floti (boya lililo ndani ya bakuli la kabureta) na sindano yake inayofunga petroli. Sindano ikiwa na mchubuko wa duara kwenye ncha, ibadilishwe, wala isisuguliwe.

Baada ya hayo ndipo tunapotuni. Endesha pikipiki dakika kumi ili injini ipate moto kamili. Kaza skrubu ya mchanganyiko polepole hadi iguse, usiibane, kisha ifungue mzunguko mmoja na nusu. Weka sailensa karibu mizunguko 1,400 kwa dakika, halafu isogeze skrubu ya mchanganyiko robo robo, kila upande, hadi upate mahali injini inapokwenda kasi zaidi na kwa utulivu. Punguza sailensa, kisha rudia. Ni muhimu kujua skrubu ya kabureta yako ni ya aina gani: iliyo upande wa filta hupima hewa, hivyo ukiikaza unaongeza ukali wa petroli, iliyo upande wa injini hupima mchanganyiko wenyewe, na ukiikaza unaupunguza.

Mipangilio hii hufuata mahali. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa imepungua kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na Dar es Salaam, na pikipiki iliyotuniwa pwani ikipelekwa huko itakuwa na petroli nyingi kuliko hewa. Mara nyingi robo au nusu ya mzunguko inatosha kuirudishia utulivu, lakini kwa chombo kitakachobaki huko inafaa kutafuta jeti zenye tundu dogo zaidi.

Kabureta ambayo slaidi yake inacheza ndani ya mwili kwa kuchakaa, hewa inapita pembeni na hakuna skrubu itakayoizuia. Hiyo ibadilishwe. Unaponunua nyingine, linganisha kipenyo cha koo lake na cha ile ya zamani, kisha zifungue zote mbili na usome namba zilizogongwa kwenye jeti. Zikitofautiana, jeti zako za zamani zikiwa hazijatobolewa na waya, zihamishie kwenye kabureta mpya kabla hujaifunga.