"Nitakaa nyuma yake, atanivuta mlimani"

Wiki iliyopita alikuja mwendesha baiskeli mwingine. Goti la kushoto limevimba, ngazi za kliniki anazipanda upande upande kama kaa, na kabla sijamwonyesha kiti ameshaanza: "Daktari, mpango wetu ulikuwa mzuri. Mwenzangu ana nguvu, nikasema nitakaa nyuma yake, atanivuta mpaka juu." Alikuwa wa nne mwaka huu, na wote wameumia kwenye barabara ile ile. (Mimi si daktari, ni mtaalamu wa fiziotherapia anayeendesha baiskeli. Nimechoka kukanusha maneno haya mnayoniletea.)

Njia yenyewe wengi mnaijua. Mnaanzia Iten, huku magharibi mwa Kenya, mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, mnateremka Tambach mpaka Biretwo, mnavuka mto Kerio pale darajani Chebloch ambapo vijana hurukia mtoni mkiwapa kitu kidogo, kisha mnapanda vilima vya Tugen hadi Kabarnet. Mnakunywa chai, mnarudi. Ni kilomita mia na ushee, na ukishateremka zaidi ya mita 1,000 asubuhi ujue jioni utazipanda zote, miguu ikiwa na habari nyingine. Wanaokwenda wawili wawili ndio wanaojaza benchi langu. Anayekwenda peke yake huwa na adabu, maana anajua hakuna wa kumwokoa.

Sasa hii habari ya kuvutwa.

Nyuma ya mwenzako kuna kivuli cha upepo, yaani mgongo wake unakukinga. Hilo ni kweli, na kwenye tambarare ni msaada mkubwa. Chukua mtu wa kilo 75, baiskeli, maji na vikorokoro vyake kilo 10. Barabara ikiwa sawa, kwa kilomita 30 kwa saa anahitaji kama wati 145, na katika hizo kama 110 zinaliwa na upepo. Akijibanza vizuri nyuma ya gurudumu la mwenzake anaokoa wati 30 na kitu. Kwa safari ya siku nzima hiyo ni mali.

Mtu yule yule mweke kwenye mwinuko wa asilimia 8, kilomita 9 kwa saa, ambayo ndiyo kasi ya wengi wenu hata kama mkisimulia mnaiongeza. Hapo anahitaji wati 180 hivi: kama 167 za kuinua uzito wake, 10 za tairi kusaga lami, na 3 za upepo. Tatu! Ukikaa nyuma ya mwenzako, hata akiwa na mgongo kama mlango wa ghala, atakukinga wati moja. Inayokurudisha nyuma mlimani ni dunia, na dunia haikingwi na mgongo wa mtu.

Kuna wanaonijibu kwamba kwenye televisheni wamewaona wakubwa wakipanda kwa msururu. Wale wanapanda kwa kilomita 20 kwa saa na zaidi, na kwa kasi hiyo upepo unaanza kuhesabika tena. Wewe hupandi kwa 20. Hata hao wakubwa, mlima ukiwa mkali na siku ikiwa ndefu, kila mmoja hubaki na miguu yake. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza Afrika. Mbio za wanaume zilikuwa kilomita 267.5 zenye zaidi ya mita 5,400 za kupanda, na waliofika mwisho walikuwa 30 tu. Watu wa timu moja, waliokula meza moja na kulala hoteli moja, walitawanyika kama punje za mahindi zilizomwagika.

Kivuli cha upepo mlimani hakipo, basi, lakini gharama ya kukitafuta ipo. Tuseme rafiki yako anapanda kwa 11 na wewe uwezo wako ni 9. Kilomita mbili tu, unaona ni kitu kidogo. Ukimfuata, zile wati 180 zinakuwa kama 220, karibu robo zaidi. Wengi hushikilia hivyo dakika kumi, kumi na tano. Misuli inaanza kuchoma akiba ya wanga kwa pupa, pumzi inakatika, mwendeshaji anasimama juu ya pedali na kuyumba. Halafu anamwachia mwenzake, na kuanzia hapo hapandi tena kwa 9. Anapanda kwa 6, na Kabarnet bado haijaonekana.

Na angetulia kwa mwendo wake je? Mlima wa kilomita 10, mmoja akienda kwa 11 na mwingine kwa 9, wanafika juu wakipishana dakika 12. Dakika 12 ni kikombe kimoja cha chai ya moto na mandazi mawili kwa aliyetangulia. Hicho ndicho mnachonunua kwa goti.

Wenye nguvu nao msinicheke, maana nusu ya kosa ni lenu. Kuna yule ambaye kwenye njia sawa hawezi kukaa bega kwa bega. Gurudumu lake lazima liwe nusu hatua mbele, mwenzake akiongeza kasi na yeye anaongeza, na ukimuuliza anaapa kwamba anakwenda taratibu. Kuna yule anayesubiri juu, mwenzake akitokeza anahema, yeye ambaye ameshapumzika anapanda baiskeli na kusema "twende." Aliyechelewa amepumzika saa ngapi?

Ninachowaambia wote, hata wasioniuliza: wa mwendo mdogo atangulie mlimani. Akiwa mbele anachagua kasi yake, na mwenye nguvu akae nyuma apige hadithi. Kwake huo ni mwendo wa matembezi na hautamdhuru. Kama hawezi kuvumilia aende zake, lakini mkubaliane kabla ya kuondoka mtakutana wapi, na pawe mahali panapojulikana. "Tutaonana juu" si mahali. Darajani Chebloch ni mahali. Kile kibanda chenye bati la buluu ni mahali. Pampu na tyubu kila mtu abebe zake, kwa sababu pancha haitasubiri mpaka mkutane. Maji ya ziada na chakula abebe mwenye nguvu. Lita mbili ni kilo mbili, na ukimtua mwenzako kilo mbili mlimani umemsaidia kuliko mgongo wako ungemsaidia mwaka mzima. Kule bondeni, njia ikinyooka kidogo na upepo ukija usoni, hapo ndipo mwenye nguvu ashike mbele na mwenzake ajifiche nyuma yake. Kuvutwa kuna mahali pake.

Na mtu asiniambie kwamba kuachana njiani ni kusalitiana. Wanaokwenda Paris–Brest–Paris, safari ya baiskeli ya kilomita 1,200 hivi kule Ufaransa iliyoanza 1891, wana saa 90 za kuimaliza, vilima mchana na vilima usiku. Wengi huenda na rafiki. Lakini kadi ya kugongwa muhuri vituoni kila mtu ana yake, hakuna kadi ya marafiki wawili. Wanaachana, wanakutana kwenye supu, wanaachana tena.

"Gia nyepesi ni ya watoto."

Hii ni ndugu wa ile ya kwanza, na ndiyo iliyovimbisha goti la wiki iliyopita. Kijana aliazima baiskeli ya mashindano ya zamani, gia ya mbele meno 39, ya nyuma iliyo kubwa kabisa meno 25. Kwa kilomita 9 kwa saa gia hiyo inakupa mizunguko kama 46 ya pedali kwa dakika. Angekuwa na meno 34 mbele na 34 nyuma angezungusha kama 71. Wati ni zile zile, mlima ni ule ule, ila kwa gia nzito kila mkanyago unadai nguvu zaidi kwa nusu na kidogo. Nguvu hiyo inapita chini ya kifuniko cha goti, mara elfu kadhaa kabla hajafika juu. Wazee wetu waliokuwa na Black Mamba ya gia moja walikuwa na akili: mlima ukizidi walishuka na kusukuma. Hakuna aliyewaita watoto.

Nikibakiwa na dakika moja tu na mgonjwa wa goti, simpi zoezi wala dawa ya kuchua. Namwambia aende kwa fundi abadilishe gia ya nyuma, na kiti akiinue kidogo, maana karibu wote hukaa chini mno. Pedali ikiwa chini kabisa na kisigino kikiwa juu yake, mguu uwe umenyooka. Ukikanyaga kwa mbele ya unyayo kama inavyotakiwa, goti litabaki limekunjika kidogo. Kipimo hiki si cha maabara, lakini kimewaondolea wengi maumivu kuliko mashine zangu.

"Maji yanatosha, nitakula Kabarnet."

Hayatoshi. Akiba ya wanga mwilini ni ya saa chache za kazi ngumu, na ukiimaliza huijazi kwa sahani moja ya ugali. Kula kuanzia saa ya kwanza, kabla ya njaa. Gramu 60 za wanga kwa saa ni lengo zuri. Ndizi moja mbivu ya kadiri ni kama 25, soda ya nusu lita inazidi 50. Ndiyo, nimesema soda. Mlimani sukari haina ubaya mnaosimuliana, na ni rahisi kuipata Biretwo kuliko hizo pakiti za bei ya kuku mzima. Halafu bondeni kuna joto, unatoka jasho na chumvi inaondoka nalo. Anayejaza tumbo maji matupu lita juu ya lita anaizimua chumvi ya damuni. Huanza na kuumwa kichwa, hufuata kutapika, kisha kuchanganyikiwa, na wenzake humwongezea maji wakidhani amekauka. Karanga za chumvi mfukoni, basi.

"Nichue unitoe asidi ya laktiki."

Haipo. Ulipofika kwangu siku mbili baadaye ilikuwa imeshaondoka zamani, maana mwili huisafisha ndani ya saa moja hivi baada ya kupumzika. Maumivu ya siku ya pili ni ya nyuzi za misuli zilizochanika kidogo kidogo. Nitakuchua kwa sababu inapendeza na umelipa.

"Mimi ni mkimbiaji, baiskeli itanishinda nini?"

Iten kila mtu ni mkimbiaji. Mapafu unayo, sikatai, na moyo unao. Huna makalio ya kukaa kitini kwa muda wa saa sita, huna shingo, wala viganja vya kubeba uzito wako kwenye usukani. Vidole vinakufa ganzi kwa sababu mishipa ya fahamu ya kiganjani inabanwa. Miezi miwili ya safari za Jumamosi, ukiongeza saa kidogo kidogo, na huna haja ya kumaliza umbali wote kabla ya siku yenyewe.

"Breki ya mbele itakurusha, tumia ya nyuma tu."

Unapofunga breki uzito wote unakimbilia mbele, gurudumu la nyuma linakuwa jepesi na linateleza. Breki ya mbele ndiyo inayosimamisha baiskeli. Ibane taratibu, usiikamate ghafla, sogeza makalio nyuma, na zitumie zote mbili. Kosa kubwa ni kuteremka Tambach yote breki zimebanwa nusunusu kwa woga. Kilo 85 zikishuka mita 1,000 zinatoa joto la kutosha kuchemsha lita mbili za maji ya chai. Ukiteremka kwa mwendo wa kobe, upepo hauchukui kitu na joto hilo linaishia karibu lote kwenye rimu, na tyubu iko pale pale ndani, tayari kupasuka. Iache baiskeli iende pale panapoonekana, funga kwa nguvu kabla ya kona, achia, rimu zipoe. Ukisikia harufu ya kuungua simama kabisa, uangalie mandhari, hakuna anayekufukuza.

Na pedi zibadilishwe kabla ya safari. Mwaka jana nilimpokea mmoja aliyezitumia mpaka chuma kikakutana na chuma. Aliniambia pedi ni ghali. Ile pikapu iliyomtoa Biretwo na mfupa wa bega uliovunjika ilimtoza bei ya pedi za miaka mitano, na baiskeli ilitozwa nauli yake peke yake.