Anza na Demio, Bugatti itakusubiri

Ukianza Gran Turismo 7, gemu la magari la PlayStation, linakupa hela ya gari moja tu la mtumba na kukupeleka yadi uchague kati ya matatu: Mazda Demio, Honda Fit au Toyota Aqua. Wachezaji wengi hapa Dodoma hukunja uso. Demio na Fit zimejaa Area C na Nkuhungu, na mtu hajachoma bando la GB 100 na ushee ili aje kuendesha gari la jirani. Kwa hiyo anazipita mbio hatua za mwanzo, anakusanya hela, anaingia kwenye Bugatti Veyron, anagonga ukuta kila kona, kisha anatangaza kwamba gemu halina uhalisia wowote.

Mimi naona yadi ile ndiyo sehemu ya gemu iliyofikiriwa vizuri kuliko zote. Gari dogo unalolijua barabarani ndilo pekee ambalo unaweza kulihukumu. Veyron ina hospawa 1,000 hivi na uzito wa karibu tani 1.9. Ikikutoka kwenye kona huwezi kujua kama ni gemu limekosea au ni wewe, maana hujawahi kukaa ndani yake hata kama abiria. Demio unajua inavyoinama ikikata kona, inavyoinamisha pua ukishika breki, na inavyochelewa kuondoka ikiwa na watu wanne.

Uhalisia wenyewe haukai kwenye picha. Rangi inayong'aa na matone ya mvua kwenye kioo ni kazi nzuri ya wachoraji, lakini gari linaishi pale tairi inapogusa lami, sehemu nne zenye ukubwa wa kiganja kila moja. Ukitaka kujua kama gemu linakudanganya, fanya kipimo cha breki. Chukua gari la kawaida la barabarani, tafuta njia iliyonyooka yenye vibao vya mita 100 na mita 50 kabla ya kona, fika kibao cha 100 ukiwa kwenye kilomita 100 kwa saa, kisha kanyaga breki hadi mwisho ABS (msaada unaozuia tairi zisijifunge) ikiwa imewashwa. Tairi nzuri ya barabarani kwenye lami kavu inazuia kwa nguvu inayokaribia uzito wa gari lenyewe, na hesabu yake inatoa mita 39 hivi za kusimama. Tairi ya bei rahisi, inayoshika asilimia 80 ya hapo, inahitaji mita 49, yaani unasimama pua ikiwa karibu na kibao cha 50. Gari la sokoni likisimama ndani ya mita 25, hilo limevishwa tairi za mashindano, hata kama gemu halisemi.

Gran Turismo angalau inasema. Ina familia tatu za tairi za lami kavu, Comfort, Sports na Racing, na kila familia ina ngumu, ya kati na laini. Mchezaji akipata hela tu anakimbilia Racing Soft, kisha anashangaa magari yote yanafanana. Lazima yafanane, kwa sababu tairi inayoshika kupita kiasi inaficha kila kitu: uzito, bodi, shokapu, hata tofauti ya gari linalovutwa na tairi za mbele na lile linalosukumwa na za nyuma. Kwa gari la barabarani vaa Comfort Medium. Utakuwa mwepesi kuteleza na muda wako wa mzunguko utakuwa mbaya, ila hapo ndipo gari linaanza kuongea. Toyota wenyewe walilijua hili. Gari lao la 86, ambalo ni la michezo, waliliuza na Michelin Primacy HP, tairi ileile iliyofungwa kwenye Prius, ili dereva aanze kuteleza kwenye mwendo wa kibinadamu. Kwenye gemu, 86 yenye Comfort inafundisha mengi kuliko Ferrari yenye Racing.

Hesabu ifuatayo inaeleza karibu nusu ya mambo yanayowashinda watu. Chukua gari la kilo 1,000, injini mbele, kilo 600 zimekaa tairi za mbele na 400 nyuma. Kitovu cha uzito kiko sentimita 55 juu ya lami, na kutoka tairi ya mbele hadi ya nyuma ni mita 2.5. Ukishika breki kwa nguvu ya asilimia 80 ya uzito wake, uzito unaohamia mbele ni 1,000 mara 0.8 mara 0.55, gawanya kwa 2.5. Unapata kilo 176. Sasa mbele kuna kilo 776 na nyuma kumebaki 224. Tairi za nyuma zimekuwa nyepesi kiasi kwamba ukikata usukani hapohapo, mkia unazunguka. Dereva anayeshuka Nyang'oro akitokea Iringa kuja Mtera anakutana na jambo hilohilo likiwa kubwa zaidi, kwa sababu mteremko peke yake umeshasogeza uzito mbele kabla hajagusa breki. Ndiyo maana madereva wazoefu wa njia ile wanamaliza kupunguza mwendo gari likiwa limenyooka, wanaingia kwenye kona wakiwa wameshaachia. Kwenye gemu fanya hivyohivyo. Ukishazoea, jifunze kuachia breki kidogokidogo huku ukianza kukata kona, ili uzito ule uliohamia mbele uzisaidie tairi za mbele kugeuza gari.

Gari linalovutwa mbele lina kero yake: unakata usukani, pua inaendelea kwenda moja kwa moja. Mwenye pedi, kile kidhibiti cha mkononi, huongeza kukunja kijiti hadi mwisho, na hapo ndipo anapoharibu. Tairi ina pembe yake ya kushika. Ikipita hapo inaburuzwa tu, na kadiri unavyozidi kukunja ndivyo inavyozidi kuburuzwa. Dawa ni kinyume na moyo unavyotaka: achia gesi, rudisha kijiti kidogo kuelekea katikati, subiri tairi ishike, kisha kunja tena taratibu. Waliobaki na PS2 wanaweza kujifunza hili hili kwenye Gran Turismo 4 kwa kutumia Vitz, halafu wahamie Altezza RS200 inayosukumwa nyuma. Ile Need for Speed Most Wanted ya 2005, ambayo bado inapigwa kwenye vibanda vingi vya gemu, iache kwa ajili ya polisi na makelele. Ni gemu tamu, ila pale BMW inakunja kona kwa namna ambayo hakuna BMW iliyowahi kufanya.

Kabla hujalaumu gari, kagua misaada. Kwenye Gran Turismo 7 zima ASM (msaada unaolituliza gari lisizunguke), zima msaada wa kurudisha usukani, weka Traction Control (inayozuia tairi kuzunguka bure ukikanyaga gesi) kwenye 0 kwa gari lenye hospawa chini ya 200, na ABS iweke Weak. Kuzima ABS kabisa ukiwa na pedi ni kujitesa, kwa sababu kitufe cha R2 au L2 kina safari fupi ya milimita chache, wakati breki ya kweli unaipima kwa uzito wa mguu. Gia weka za mkono. Baada ya hapo ingia Tsukuba, uwanja mfupi wa kilomita 2 hivi, na Demio yako yenye Comfort Medium. Usitafute rekodi. Tafuta mizunguko mitano mfululizo inayotofautiana kwa chini ya nusu sekunde. Ukifika hapo, badilisha kitu kimoja tu, kwa mfano tairi za mbele pekee ziwe Sports Hard, uone mkia unavyokuwa mwepesi ghafla. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo hutajua kipi kimeleta nini. Fundi anayebadilisha bushi, shokapu na tairi siku moja naye hajui kelele ilitoka wapi.

Kuhusu wingi wa magari, watu wanadanganyika sana. Gran Turismo 5 ya mwaka 2010 ilijisifu kwa magari zaidi ya 1,000, lakini karibu 800 kati ya hayo yaliletwa kutoka matoleo ya PS2 na PSP, mengi hata ndani hayakuchorwa. Orodha ndefu mara nyingi inaonyesha mikataba ya kampuni, wala si ubora wa fizikia. Kuanzia mwaka 2000 hadi 2016 kampuni ya magemu ya EA ndiyo iliyoshika haki za Porsche, kwa hiyo magemu mengine mengi yakalazimika kutumia RUF, kampuni ya Ujerumani inayounda magari yake juu ya bodi za Porsche. Mikataba ya namna hiyo inaeleza kwa nini kwenye magemu mengi unagonga ukuta kwa kilomita 200 na unapoteza bampa tu: kampuni nyingi za magari hazipendi kuonyesha gari lao likiwa limekunjamana. Gemu la komputa la BeamNG.drive liliukwepa mtego huo kwa kubuni magari yake yenyewe. Ibishu Covet haipo duniani, lakini ukiigonga inakunjika chasisi, redieta inavuja, injini inachemka, na tairi moja inabaki imepinda ukivuta kwenda nyumbani. Kwangu mimi gari hilo la kubuni lina ukweli mwingi kuliko Lamborghini yenye leseni isiyopata hata mkwaruzo.

Tatizo la BeamNG ni komputa. Inakokotoa fizikia mara 2,000 kwa sekunde, na kila gari unaloongeza linaelemea prosesa, siyo kadi ya picha peke yake. Ukiwa na RAM ya GB 8, endesha gari moja kwenye ramani ndogo. Mwenye laptopu ya zamani aende Live for Speed, ambayo toleo lake la bure linampa XF GTI inayovutwa mbele na XR GT inayosukumwa nyuma, na hizo mbili zinatosha kumfundisha mwaka mzima. Anayependa vumbi ajaribu Richard Burns Rally ya 2004, ambayo wapenzi wake wanaiendeleza mpaka leo. Huyo Burns alishinda Safari Rally mara mbili, 1998 na 2000, na gemu lenye jina lake halina huruma. Kwa mwenye konsoli, EA Sports WRC ya 2023 ina hatua za Safari Kenya, na ule udongo laini unaomeza tairi mtu wa Kanda ya Kati ataufahamu mara moja. Pale chagua gari dogo la daraja la chini lenye tairi mbili za kuvuta, siyo Rally1, daraja la juu kabisa.

Gemu la Assetto Corsa lina utamu wa peke yake kwa sababu watu wanatengeneza magari na kuyagawa bure, hata zile Toyota tunazoziona kila siku barabarani. Mengi ni takataka. Picha inavutia, ila aliyelitengeneza amenakili data za tairi za gari lingine. Fanya kile kipimo cha breki cha mita 39, linganisha uzito na umbali wa tairi na tairi ulioandikwa kwenye gari halisi, kisha zungusha usukani ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 20. Likitetemeka au likiruka lenyewe, futa.

Kuna jambo moja ambalo magemu mengi hayaligusi na sisi linatuhusu. Dodoma iko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kwa takriban asilimia 10 kuliko ya Dar es Salaam. Injini isiyo na turbo inapoteza nguvu karibu kiasi hichohicho, ile yenye turbo inajifidia kwa sehemu kubwa. Gemu la iRacing linahesabu wepesi wa hewa. Kwingine, usishangae Fit ya kwenye skrini ikionekana na haraka kuliko ile ya mtaani.

Ukipata usukani, Logitech G29 kwa mfano, weka mzunguko wa nyuzi 900 na uache gemu lenyewe lipunguze kulingana na gari. Kwenye Assetto Corsa angalia kipimo cha nguvu ya usukani ukiwa kwenye kona ndefu. Kikibaki chekundu muda wote, punguza nguvu, kwa sababu hapo usukani umefika mwisho na hauwezi tena kukuonyesha tofauti ya tairi inayoshika na inayoanza kuteleza. Upana wa kuona nao urekebishe: ukikaa sentimita 80 kutoka skrini ya inchi 32, pembe sahihi ya kuona, ikipimwa juu hadi chini, ni nyuzi 28 hivi. Utaona eneo dogo, ila mwendo na umbali wa kona vitakuwa vya kweli. Ukikaa mita mbili kutoka kwenye tivii hesabu hiyo inashuka hadi nyuzi 11, ambazo hazichezeki, kwa hiyo sogeza kiti. Kiti cha plastiki kitakurudisha nyuma kila ukikanyaga breki, maana pedali hiyo ina mpira mgumu ndani. Kiegemeze ukutani.

Adui mkubwa wa pedali hizi kwetu ni vumbi. Dalili ni gari kujishikia breki kwenye njia iliyonyooka, au gesi kutofika asilimia 100 hata ukikanyaga hadi mwisho. Chomoa waya, geuza kisanduku cha pedali, fungua skrubu za chini, tafuta kifaa kidogo cha mviringo chenye nyaya tatu pembeni mwa kila pedali. Pulizia dawa ya kusafishia saketi, ile inayokauka bila kuacha mafuta, na sukuma pedali mara ishirini hivi ili iingie. Usitumie mafuta ya kulainisha bawaba, yanakusanya vumbi jingine. Subiri ikauke, funga, chomeka, kisha kanyaga kila pedali hadi mwisho kabla hujafungua gemu, ili usukani upime upya mwanzo na mwisho wake.