Maji safi hayali chuma? Nani kawaambia?

Wiki hii nimeambiwa mara tatu, na mara zote ni kwenye viwanda vya hapahapa Tanga: "Fundi, sie tumeshafunga RO, mtambo wa kuchuja chumvi kwenye maji, maji yetu ni kama ya chupa, dawa ya boila ya nini tena?" Nikimuuliza pH ngapi, yaani kipimo cha asidi ya maji, 7 ndo katikati na chini yake ni asidi, ananijibu maji yanang'aa.

Najua inapotoka hiyo. Sie watu wa pwani adui tunayemjua ni chumvi, baiskeli ukiiacha nje kwa upepo wa Raskazone miezi michache tu spoku zishaanza kukatika, basi mtu anaona chumvi ikitoka kutu nayo imetoka. Wapi! Chuma kikiwa ndani ya maji ya moto yasiyo na oksijeni kinajivika koti jeusi, magnetaiti, na hilo koti ndo linakilinda. Sasa maji yaliyochujwa kila kitu, pH imelala kwenye 7 au chini yake, joto nyuzi 130 mpaka 150 hivi, yanapita mbio kwenye kona za bomba, yanaliyeyusha lile koti, chuma kinashona jingine, maji yanalivua tena, na kitambaa cha kushonea ni bomba lenyewe. Ninayo kona moja tuliyoikata, ndani nyeusi, nyororo, ina vishimo vimepangana kama magamba ya changu, wala kutu nyekundu hakuna. Upande wa nje wa kona umebaki mwembamba kama kopo.

Anayebisha namsimulia vinu vya nyuklia, maana maji ya kule ni safi kuliko hiyo RO yako. Kinu cha Surry, Marekani, Desemba 1986, kona ya bomba la maji ya kulishia mtambo wa mvuke ikapasuka, wakafa watu 4. Kinu cha Mihama, Japani, Agosti 2004, bomba lililofungwa likiwa na unene wa milimita 10 lilikutwa limebaki milimita 1.4, wakafa 5, na pale palipopasuka hapakuwahi kupimwa tangu kinu kianze kazi 1976! Tena halikuwa bomba la upande wa mionzi, ni maji ya mzunguko wa mvuke wa turbini, ndugu yake na hilo lako. Dawa yake wanaijua: pandisha pH mpaka 9 na kitu kwa amonia au amini, dawa za jamii ya amonia, na kona mbovu badilisha uweke chuma chenye kromiamu, hata kidogo inasaidia sana.

"Fundi, weka stenlesi tumalize." Stenlesi haichakai hivyo lakini inapasuka, miaka ya 70 mabomba ya stenlesi ya vinu vya nyuklia vya aina ya maji yanayochemka yalikuwa yanapata nyufa pembeni ya welding, mpaka ikabidi waanze kuchanganya haidrojeni kwenye maji ili ipunguze oksijeni.

Oksijeni nayo kuna vinu vinaiongeza kidogo makusudi ili koti likaze. We usijaribu, boila lako litatoboka, oksijeni yako itoe.

Na jamani, pH pimeni palepale bomba la sampuli linapotoka, yakishapoa tu. Msiniletee ofisini kwenye chupa ya soda, maji hayo yakikaa wazi yanavuta hewa ukaa, pH inashuka njiani, halafu mnaniambia mita yangu mbovu.