Je, wajua? Madirisha ya kioo hayaichoshi prosesa kama vimistari vya muziki

Kwa miaka mingi, kila aliyelalamika kwamba kompyuta yake inasuasua nilimpa dawa ileile: zima vivuli, zima uwazi wa madirisha yanayoonyesha kilicho nyuma yake kama kioo, rudi kwenye madirisha ya kijivu. Niliisema kwa uhakika wa mtu ambaye hajawahi kupima. Siku nilipopima mashine yangu, nilizima kila pambo na asilimia ya matumizi ya prosesa, ubongo wa kompyuta, ikabaki palepale. Ilishuka nilipofunga wijeti (kijiprogramu cha kwenye skrini) moja ya pembeni, ile ya vimistari vinavyoruka kufuata muziki.

Imani yangu haikuzuka hewani. Enzi za Windows XP, skrini ilikuwa kama ubao mmoja wa chaki unaochorwa na programu zote. Ukiburuta dirisha juu ya jingine, mchoro wa chini ulifutika, na mwenye nao aliitwa aje auchore upya. Aliyekuwa akiitwa hasa ni prosesa. Ndiyo maana programu ikikwama, dirisha lililopita juu yake liliacha msururu wa nakala zake kama nyayo: mwenye mchoro ameitwa, haitiki. Katika ubao wa namna hiyo, pambo lolote la ziada lilikuwa mzigo kweli.

Kisha ubao ukaondolewa. Mac OS X 10.2 mwaka 2002, Compiz kwenye Linux mwaka 2006 na Windows Vista mwaka 2007 zilileta utaratibu mwingine: kila programu inachora kwenye karatasi yake, karatasi inatunzwa kwenye kumbukumbu, na programu moja ya mfumo, tuiite mpangaji, inazipanga zikiwa zimepandana. Mpangaji huyo anaitumia chipu ya grafiki, ambayo kuchanganya mamilioni ya pikseli kwa mpigo ndiyo kazi iliyoundiwa. Ukiburuta dirisha, hakuna anayechora upya. Karatasi imesogezwa tu.

Hapo ndipo penye kichekesho. Kwenye Vista na Windows 7, aliyerudi kwenye sura ya kizamani ili kuipumzisha prosesa alimfukuza mpangaji, na kazi ya kuchora upya ikamrudia prosesa yuleyule aliyehurumiwa. Tangu Windows 8, mwaka 2012, mpangaji hazimiki kabisa, kwa hiyo kuzima vivuli kunampunguzia tu kazi ambayo hata hakuilalamikia.

Ukungu nyuma ya dirisha ni suala jingine kidogo. Uwazi mtupu unachanganya rangi mbili kwa kila pikseli, basi. Ukungu unataka rangi za majirani pia: eneo la 21 kwa 21 ni pikseli 441 kwa kila moja, ingawa hila ya kupita kwanza kwa mlalo kisha kwa wima huzipunguza hadi 42. Gharama hiyo nayo ni ya chipu ya grafiki, lakini kwenye kompyuta nyingi za mkononi chipu hiyo inakaa nyumba moja na prosesa, inagawana nayo umeme na joto.

Sasa vile vimistari. Pasipobadilika kitu kwenye skrini, mpangaji hulala. Wijeti za Rainmeter, programu ya Windows ya kuweka wijeti kwenye skrini, kwa kawaida hujihuisha kila milisekunde 1000, lakini watengenezaji wa vimistari huishusha namba hiyo hadi 16, yaani takribani mara 60 kwa sekunde. Kila mara prosesa inaamshwa, inasoma sauti, inapiga hesabu, inachora karatasi mpya. Mpangaji hawezi kumsaidia, kwa sababu yeye hupanga karatasi zilizokwisha kuchorwa.

Tahadhari mbili. Kama draiva ya grafiki (programu inayoiendesha chipu hiyo) haipo, kama inavyotokea kwenye kompyuta pepe nyingi, zile zinazoigizwa ndani ya kompyuta nyingine, prosesa ndiyo inayoigiza kazi ya chipu, na pale ushauri wangu wa zamani ni sahihi kabisa. Pia asilimia zina hila: kiini kimoja cha prosesa kati ya vinne kikifanya kazi muda wote, Windows itaonyesha 25, ilhali amri ya top kwenye Linux itaandika 100.

Mimi nilibadili 16 kuwa 50. Vimistari bado vinacheza, ila vinakwamakwama kidogo. Vivuli na vioo nimevirudisha vyote.