Kopo lioze, ukurasa ubaki: yanayosemwa kimakosa kuhusu umri wa jiokashi

Jiokashi ni mchezo wa kuficha makopo na kuyatafuta kwa kifaa cha GPS, kinachotumia satelaiti kuonyesha mahali ulipo. Ndoo yake ya kwanza ilifukiwa nusu ardhini tarehe 3 Mei 2000, karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, Marekani. Siku moja kabla yake serikali ya nchi hiyo ilikuwa imeacha kuvuruga kwa makusudi ishara za GPS zinazotumiwa na raia. Kifaa kilichokuwa kikikosea kwa mita mia hivi kikaanza kumfikisha mtu karibu kabisa na alipotaka. Dave Ulmer alitaka kuona kama ni kweli. Akajaza ndoo yake programu za kompyuta, vitabu, video, pesa, manati na kopo la maharage, kisha akatangaza latitudo na longitudo kwenye kikundi cha wapenzi wa GPS. Siku tatu hazijapita, watu wawili walikuwa wameshafika.

Ndoo hiyo haipo tena. Kilichookolewa kwenye mabaki yake ni lile kopo la maharage, ambalo siku hizi lina namba yake ya usajili na hutembezwa kwenye mikutano ya wachezaji kama masalio ya mtakatifu. Pale chini lipo bamba la kumbukumbu tangu 2003, na watu bado wanakwenda.

Ninaanza na ndoo hiyo kwa sababu karibu kila kosa ninalosikia kuhusu umri wa jiokashi linatokana na kuchanganya vitu viwili vinavyounda kila kificho. Kuna kopo, lile lililofichwa chini ya jiwe au kwenye shina la mti likiwa na karatasi ya kuandikia majina. Halafu kuna ukurasa wake mtandaoni, wenye namba za kukufikisha pale na kumbukumbu za waliotangulia. Kila kimoja kina umri wake, na mara nyingi havifi siku moja.

“Kificho hudumu kadiri kopo lake lilivyo imara”

Kuna ukweli kidogo humu. Sanduku la chuma la risasi za jeshi, lenye mpira kwenye mfuniko, linaweza kukaa msituni miaka na miaka bila maji kuingia. Kikopo cha filamu ya kamera hakijafikia hapo hata kidogo. Nimevifungua vya kutosha kuijua harufu yake: unabandua kile kifuniko cha kijivu, unakuta karatasi imeviringwa kama msokoto, imelowa hadi katikati. Ukiikunjua inachanika. Majina ya waliokutangulia yamekuwa mawingu ya wino wa buluu, na kalamu yako haishiki. Basi unaandika jina lako kwenye risiti ya dukani, unaisukuma ndani, unaondoka ukijua wiki ijayo nayo itakuwa uji.

Lakini angalia Mingo, huko Kansas. Kilifichwa tarehe 11 Mei 2000, siku nane tu baada ya ndoo ya Ulmer, na ndicho kinachohesabiwa kuwa kikongwe kuliko vyote vilivyo hai. Hakijajificha mlimani pasipofikika. Kipo jirani na barabara kuu ya I-70, msafiri anatoka barabarani, anaandika jina, anaendelea na safari. Watu maelfu wamekigusa. Mtu angedhani wingi huo wa mikono ungekimaliza mapema, kumbe wengi wanaokuja ndio wanaotoa taarifa mapema kukiwa na tatizo. Kinachoua kificho ni tatizo kutajwa na asitokee mtu wa kwenda kulishughulikia.

Ndiyo maana kanuni za mchezo hazipendi vificho vya watalii. Mtu anakuja Zanzibar siku kumi, anachomeka kikopo kwenye ukuta wa mawe ya matumbawe, anapanda ndege kurudi kwao. Chumvi na masika vitafanya kazi yake. Nani ataenda kubadilisha karatasi? Asipoonyesha mpango wa matunzo, kwa kawaida kwa kumtaja mtu anayeishi hapo aliyekubali kukiangalia, ukurasa wake hautapitishwa.

“Kimefungwa, maana yake kimeibwa”

Wizi upo. Watoto wanakuta kopo, mfagiaji anatupa takataka, mpita njia anadhani ni mzigo wa dawa za kulevya. Lakini sababu za kufunga ukurasa ni nyingi zaidi ya hiyo. Barabara inapanuliwa na mti unakatwa. Mwenye shamba aliyeruhusu anauza, mnunuzi hataki wageni. Mwenye kificho anahamia mji mwingine, au amechoka tu baada ya miaka kumi ya kubeba karatasi kavu mfukoni, akaamua mwenyewe kukistaafisha kwa heshima. Hilo la mwisho si aibu, na kwa maoni yangu ndivyo wengi wangefanya mapema zaidi.

Usalama nao una hesabu yake. Mwaka 2011, katika mji wa Wetherby, Uingereza, mtu alionekana akihangaika na kitu nje ya mkahawa. Polisi wakaitwa, mtaa ukafungwa, wanajeshi wa mabomu wakakilipua kile kitu. Kilikuwa kificho cha plastiki. Baada ya tukio la namna hiyo hata kopo jipya kabisa haliwezi kurudishwa palepale.

Ipo pia sababu ya nafasi. Kopo moja na jingine yanatakiwa yaachane walau mita 161, yaani sehemu moja ya kumi ya maili. Ukurasa wa kificho kisichokuwepo unapokaa wazi miaka miwili, umeshikilia kiwanja ambacho jirani angeweza kukitumia.

“Wakaguzi wanafunga hovyo, wamekaa ofisini tu”

Kwanza, wakaguzi, yaani wanaopitisha na kufunga kurasa, si waajiriwa. Ni wachezaji wanaojitolea, kila mmoja na eneo lake. Pili, ni kweli hawaendi kukagua kopo, na hawajawahi kudai kuwa wanakwenda. Wanasoma yaliyoandikwa na waliofika. Utaratibu wenyewe hauna haraka: mtu anaandika kwamba karatasi imelowa au kopo halionekani, mwenye kificho anaarifiwa. Kimya. Wengine wanaandika hivyohivyo. Kimya. Mkaguzi anasimamisha ukurasa kwa muda na kumpa mwenyewe kama wiki nne atoe neno. Neno moja tu, kwamba ninaumwa, au kuna theluji, nitakwenda mwezi ujao, mara nyingi linatosha kumwongezea muda. Wengi wanaolalamika hawakuandika hata hilo.

“Nimetafuta saa nzima, sijakiona, kwa hiyo hakipo”

Taratibu. Kila kificho kina nyota za ugumu, kuanzia moja hadi tano. Cha nyota moja kikikosekana mara nne mfululizo, kuna jambo. Cha nyota nne na nusu kikikosekana mara nne, pengine kipo palepale kinakucheka. Andika kwamba hukukiona, ni taarifa ya manufaa, ila usiandikishe kifo.

“Nimekuta hakipo, nikaweka kopo langu. Nimesaidia”

Hapa ndipo wenye nia njema wanapoharibu zaidi ya wezi. Mgeni hakukiona, ametoka mbali, hataki kurudi mikono mitupu. Anachomoa kikopo cha akiba, anakiweka anapodhani palikuwa, anaandika kwamba amepata. Wiki mbili baadaye mwenye kificho anakwenda kuangalia, anakuta lake lipo salama hatua tatu pembeni. Sasa ni makopo mawili, wageni wanaandika majina kwenye lisilokuwa lenyewe, na hili jipya halina wa kulitunza. Pale ambapo la zamani lilipotea kweli, ni afadhali kidogo, lakini si sana. Kikopo cha msaada kinaficha ugonjwa: taarifa za “sijakiona” zinakoma, ukurasa unaonekana mzima, na mwenyewe huenda aliuacha mchezo miaka mitano iliyopita. Kama mwenye kificho amekuomba umsaidie, hiyo ni habari nyingine.

“Kisicho na kopo hakiwezi kufa”

Vipo vificho visivyo na sanduku lolote. Hifadhi za taifa za Marekani zilipokataa watu kuacha makopo ndani yake, vikapata nafasi vile vificho vya jiolojia, vilivyoanza 2004 kwa ushirikiano na chama cha wanajiolojia cha nchi hiyo: unafika kwenye mwamba au chemchemi, unaangalia, unamtumia mwenye ukurasa majibu ya maswali yake. Vipo pia vya kuona tu, kama sanamu au jengo. Vipya vya aina hii ya pili vilisitishwa 2005, hadi wachezaji 4,000 waliporuhusiwa kila mmoja kuanzisha kimoja mwaka 2017. Hakuna kinacholowa wala kuibwa, ila bado vinafungwa, kwa sababu lazima awepo mtu wa kusoma majibu. Mlima haujaenda popote, ila mwenye maswali yake ametoweka.

“Kikifungwa napoteza alama yangu, na hakirudi tena”

Alama uliyohesabiwa kwa kukipata haiguswi. Ulichokipata umekipata, na ukurasa bado unasomeka.

Kurudi kunawezekana ingawa ni nadra, maana kificho lazima kikidhi kanuni za leo na si za siku kilipoanzishwa. Mfano maarufu upo jimbo la Washington, karibu na handaki la zamani la reli. Kificho hicho kilikuwa kimoja kati ya vichache vilivyowekwa 2001 kutangaza filamu. Mwaka 2011 sanduku lake likapotea, ukurasa ukafungwa, na miaka sita ikapita kabla haujafunguliwa tena mwaka 2017.

Kwa vificho vya kawaida mambo huwa kinyume. Ukurasa umefungwa, hakuna tena wa kuongozwa pale, lakini kopo lipo kwenye mizizi ya mti na karatasi yake yenye ukungu. Mwenyewe ndiye anayetakiwa kwenda kulichukua. Asipokwenda, ni plastiki msituni kama plastiki nyingine yoyote, tofauti yake ni kwamba ndani kuna majina ya watu.