Ramani ya Nyumba Imerudishwa: Tatizo Liko Ndani ya Faili

Tangu dawati letu la ukaguzi wa ramani za nyumba hapa Zanzibar lianze kutaka faili la kompyuta pamoja na karatasi, malalamiko yameongezeka. Tunaambiwa tunazungusha watu. Tunaambiwa ramani ya jirani ilipita hivyo hivyo na hii imekataliwa. Wapo wanaonong'ona kwamba mkaguzi anasubiri chai. Malalamiko yote tunayapokea, na pale tulipokosea wenyewe tumerekebisha. Lakini ramani nyingi zinazorudi hazina ubaya wowote wa usanifu. Chumba kiko sawa, dirisha liko sawa, choo kiko mahali pake. Kinachozirudisha ni faili kusema jambo moja na karatasi kusema jingine.

Naandika kwa ajili ya wachoraji, hasa vijana waliojifunza AutoCAD, programu ya kuchorea ramani kwa kompyuta, kwa kuangalia video, na kwa wenye nyumba wanaowalipa. Kuchora mstari na kupanga leya (tabaka za mchoro) sitaeleza, hayo yanajulikana.

Kubwa ni vizio, yaani kama namba ni za mita, futi, inchi au milimita. Programu ya kuchorea haijui mita wala futi, inajua namba tu. Ukichora ukuta wa 4000, kwake ni 4000 za kitu fulani, na kitu hicho ni kile kilichowekwa kwenye amri ya UNITS. Anayeanzia kwenye kiolezo (faili tupu la kuanzia) cha acad.dwt ameanza na inchi, apende asipende. Cha milimita ni acadiso.dwt. Sasa mchoraji anachora mlango wake kwa milimita ndani ya faili linaloamini kuwa ni la inchi, na siku anapouingiza mlango ule kwenye mchoro wa milimita, programu inazidisha kwa 25.4. Upana wa 900 unakuwa 22,860. Huo ni mlango wa karibu mita 23, jahazi linapita. Wengi hapo huupunguza kwa jicho mpaka "ukae", na huo ndio mwanzo wa balaa. Fungua faili la mlango wenyewe, sahihisha kizio, hifadhi, kisha uingize upya na ukubali uchukue nafasi ya ule wa zamani. Kama ni mchoro mzima ulioharibika, tumia SCALE na chaguo lake la Reference: onyesha ukuta ambao urefu wake unaujua kwa uhakika, andika urefu huo, na vilivyobaki vitafuata.

Halafu kuna futi. Mwenye nyumba anasema chumba "kumi kwa kumi", fundi anaelewa futi, mchoraji anaandika mita tatu. Futi kumi ni mita 3.048. Milimita 48 zinaonekana si kitu, lakini vyumba vinne vilivyopangwa mstari mmoja vinakula milimita 192, nazo zinazidi upana wa bloki la inchi sita. Ndiyo hapo fundi anapompigia simu mwenye nyumba kumwambia ukuta wa mwisho hauna pa kusimama.

Nije kwenye linalotuchosha zaidi. Mchoraji anaweka kipimo, programu inampa 2.87, naye alitaka 3.00. Badala ya kuusogeza ukuta, anabonyeza ile namba mara mbili na kuandika 3.00 kwa mkono. Karatasi inapendeza. Mteja analipa. Ukuta uko palepale ulipokuwa.

Tafadhali tuelewane hapa. Namba ya kipimo kwenye mchoro wa kompyuta haiandikwi, inasomwa. Programu inaupima mstari na kukusomea ulivyo. Ukiandika yako juu yake umeiziba mdomo, na sisi tunaufungua kwa dakika moja: tunachagua vipimo vyote, tunafuta maandishi yaliyowekwa kwa mkono kwenye dirisha la Properties, na namba halisi zinajitokeza. Liliwahi kutufikia faili la nyumba kwenye kiwanja chenye upana wa mita 15. Karatasi ilisoma 15 barabara. Tulipofuta maandishi ya mkono, kuta na vyumba vilijumlisha 15.6. Nyumba ilikuwa imeingia kwa jirani sentimita 60 kabla hata msingi haujachimbwa. Kijana alipoitwa alijibu, "Lakini mzee, karatasi mbona inasoma sawa?" Sikumkasirikia, maana alisema kwa nia safi kabisa. Ila nilitamani aliyemfundisha awepo.

Kwa kuwa watu wanadhani ukaguzi ni mtu kuitazama ramani na kuipenda au kutoipenda, nieleze unavyokwenda. Faili linapopokelewa huandikwa kwenye daftari kwa namba ya maombi na tarehe, kisha hunakiliwa, na nakala ndiyo inayofanyiwa kazi, asili haiguswi. Nakala hukaguliwa kama ina virusi, hufunguliwa, huendeshwa AUDIT kutafuta hitilafu, kisha vizio huangaliwa. Baada ya hapo mkaguzi hupima sehemu tatu kwa amri ya DIST: upana wote wa jengo, urefu wote, na chumba kimoja anachokichagua yeye. Matokeo hulinganishwa na karatasi iliyotiwa saini. Yakipishana, faili hurudishwa na maelezo ya maandishi, na nakala ya maelezo hubaki kwetu. Lililosahihishwa huingia mwisho wa foleni, halirudi pale lilipokuwa. Likirudishwa mara ya pili kwa kosa lilelile, tunamwita aliyetia saini pamoja na mwenye nyumba, na mchoraji peke yake hatumpokei hata akija na barua. Mara ya tatu maombi hufungwa na kuanza upya, na ada iliyolipwa haihamishwi. Maelezo hayo ya maandishi wengi hawayasomi. Wanakuja dirishani kuuliza "kosa ni nini?" nayo karatasi imo mkononi mwao.

Mji Mkongwe una shida yake peke yake. Kuta za nyumba zile ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene, na hazikujengwa kwa pembe mraba. Vyumba vingi ni vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, kiasi cha mita mbili na nusu hadi tatu. Mchoraji anakwenda na futi kamba, anapima pande nne, anarudi ofisini, anawasha ORTHO, inayolazimisha mistari kunyooka kwa pembe mraba, na kuchora mstatili safi. Chumba cha namna hiyo hakipo Mkunazini wala Shangani. Pima ulalo zote mbili za kila chumba, kona kwa kona. Zikipishana, chumba kimepinda, na mchoro nao upinde. Unene wa ukuta upime kwenye kila tundu la mlango na dirisha, usichukue wa mlango mmoja ukausambaza nyumba nzima. Mji ule uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na mchoro wa hali iliyopo ndio tunaotegemea kujua kesho nini kilibadilishwa. Mchoro ulionyooshwa unatuongopea sisi na wajukuu wetu.

Kwenye mchoro wa kiwanja tatizo ni koordineti, yaani namba zinazoonyesha mahali kilipo kiwanja. Unguja na Pemba zote zimo katika ukanda namba 37 kusini wa UTM, mfumo wa kutaja mahali kwa mita, lakini ramani za zamani za upimaji zimehesabiwa kwa msingi wa Arc 1960, na simu yako inatoa kwa msingi mwengine, WGS 84. Ukichanganya mifumo hiyo miwili kiwanja kinahama karibu mita 300. Kwa Fuoni hiyo ni kuhamia mtaa mwengine. Andika kwenye mchoro umetumia mfumo upi, basi.

Kuna na jambo linalofanana na hilo ambalo watu hudhani ni ubovu wa kompyuta. Namba ya kaskazini ya UTM kwa mji wa Zanzibar ni zaidi ya 9,300,000 kwa mita. Anayechora nyumba nzima kwa milimita juu ya koordineti hizo anafika kwenye mabilioni, na programu inaanza kupoteza usahihi wa tarakimu za mwisho. Hachi (michirizi ya kujazia eneo) inakataa kujaa au inajaa ovyo, duara linakatika pembe, maandishi yanarukaruka ukivuta karibu. Mashine haina kosa. Chora jengo karibu na sifuri, weka kiwanja kwenye faili lake kwa mita, kisha uliite jengo ndani yake kama XREF, yaani faili la nje linaloonekana ndani ya jingine.

Na ukishaita faili la nje, tuletee nalo. Faili linalotafuta picha ya kiwanja kwenye "Desktop" ya laptopu yako haliioni ikifunguliwa kwetu, na tunapata fremu tupu yenye njia ya faili imeandikwa katikati. Amri ya ETRANSMIT inakusanya kila kitu pamoja na fonti. Ndiyo hizo fonti zinazokosekana hata maandishi yakatoka alama za kuuliza.

Hachi inayokataa hata karibu na sifuri, mara nyingi ni kona ambayo haikufunga. Mistari isiyoungana huku jicho linaiona imekutana, tazama thamani ya Z kwenye Properties. Mmoja uko juu ya mwenzake, na FLATTEN huilaza yote chini. Mchoro wetu ni wa bapa, hauna sababu ya kuwa na urefu wa kwenda juu.

Kuchapisha. Ukipeleka mchoro wa A1 kwenye steshenari Darajani na kijana akachagua "jaza karatasi" kwenye A3, kila mstari umepungua nusu. Skeli ya 1:100 imekuwa 1:200, lakini kisanduku cha kichwa bado kinasoma 1:100. Fundi akiweka rula juu ya karatasi hiyo, chumba cha mita tatu atakipata mita moja na nusu. Chora mstari wa skeli ndani ya mchoro wenyewe. Huo hupungua pamoja na nyumba. Kuta zilizowekwa kwenye leya ya Defpoints nazo hazichapishwi kabisa, hata uite fundi wa printa mara ngapi.

Umeme ukikatika ukapoteza kazi, usianze upya kabla ya kutafuta faili la .bak lililo kando ya lile ulilohifadhi mara ya mwisho, ulibadilishe mwisho wake kuwa .dwg. Lile la .sv$ limo kwenye folda ya muda na lina kazi ya karibu zaidi. Sisi tuliokuwa Unguja Disemba 2009, kisiwa kilipokaa takriban miezi mitatu bila umeme wa gridi, tumejifunza kubonyeza Ctrl na S kila tunapokohoa.

Kuhusu programu zilizovunjwa leseni, ofisi haina maoni zaidi ya kusema kwamba haishauri. Ninachoweza kuongeza ni kwamba ukileta flashi yenye faili la acaddoc.lsp ambalo hulijui limetoka wapi, hatutalifungua. Ni njia ya zamani ya virusi kuhama kutoka mchoro hadi mchoro. Mwenye kazi ndogo za bapa anaweza kutumia programu ya LibreCAD bure na kutuletea faili la DXF, aina inayosomwa na programu nyingi za kuchorea. Tunaifungua bila tatizo.

Mwisho, jina la faili. Liwe namba ya maombi, kistari, na namba ya toleo: la kwanza 01, lililosahihishwa 02. Hivi sasa tuna mafaili matatu ya watu watatu tofauti, yote yanaitwa "ramani mpya ya mwisho kabisa", na wenyewe hawajaja kutuambia lipi la nani.